Mwanamke wa Kwenye Bango

Siku bango lilipotundikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kata, upepo wa Makambako uliingia nyuma yake ukalivimbisha, likawa linapumua taratibu kama mtu aliyelala, na waliokuwa wakipita na madumu yao matupu wakasimama kulitazama. Pichani kulikuwa na ukungu mweupe wa milimani, mbele ya ukungu bomba lililofunguliwa mpaka mwisho, na chini ya bomba mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ameinama kidogo, anacheka. Kila upepo ulipopuliza, maji yalitikisika. Juu yake yaliandikwa maneno makubwa: MRADI WA MAJI MIWATINI UMEKAMILIKA. Pembeni, ndani ya duara, ilikuwapo sura ya diwani, Mheshimiwa Faustine, naye akicheka.

Mtaa wa Miwatini ulikuwa hauna maji. Mabomba yalikuja kweli, kwenye lori, yakashushwa karibu na kanisa, yakalala kwenye majani msimu mzima wa mvua, na asubuhi moja watu waliamka wakakuta majani yamelala peke yake. Koki moja ilisimikwa mbele ya ofisi ya kata. Siku ya uzinduzi ilikohoa, ikatema tope kidogo mbele ya wageni, ikanyamaza. Wanawake waliendelea kuteremka bondeni kwenye kisima cha kuchota kwa kopo, kama mama zao walivyofanya.

Scholastica alilikuta bango lile akitoka kupiga picha za kipaimara. Alisimama na kamera yake shingoni, akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kwanza kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu ugenini, halafu furaha ikamwishia. Picha ile alikuwa ameipiga yeye. Na hakuipigia Miwatini, wala Makambako, bali Ipelele, huko Makete juu, mahali ambapo ukungu hushuka mchana na watu huvaa makoti mwezi wa sita mpaka wa nane.

Haikuwa picha ya wizi, na hilo ndilo lililomfunga ulimi. Miaka mingi nyuma, baba yake, mzee Tarsis, alikuwa mtoto wa misheni moja jirani na Njombe, na mmisionari mgeni alimpiga picha akiwa amebeba kuni kichwani. Picha ikaenda ng'ambo, ikafungiwa katika maktaba ya watu, na Tarsis akakua, akaoa, akazeeka bila kuiona sura yake ya utotoni. Alipoandika barua ya kuiomba, jibu lilikuwa kwamba picha ina mwenyewe na mwenyewe ana masharti. Ilibidi miaka ipite, haki za aliyeipiga zikome, picha iwe mali ya umma, ndipo Scholastica alipoweza kuichukua mtandaoni bila kumpigia mtu magoti. Aliichapa, akampelekea baba yake kitandani. Mzee aliishika mikononi akamwita yule mtoto kwa jina lake mwenyewe, polepole, kama anayemwamsha. Alifariki mvua za mwaka huo zilipoanza.

Baada ya msiba Scholastica aliziweka picha zake zote mtandaoni: masoko, mashamba ya chai, stesheni ya reli, mitumbwi ya Lupingu, watu waliokubali kupigwa. Chini ya kila moja aliandika kwamba ni mali ya wote, atakayeitaka aichukue. Wapiga picha wenzake walimwona hana akili. Yeye aliona amefungua dirisha.

Sasa dirishani alikuwa ameingia Mheshimiwa Faustine.

Siku zilizofuata, jambo la ajabu liliupata mtaa. Watu walianza kulipenda bango. Wanawake waliotoka kisimani walitua ndoo zao mbele yake wakapumzika, kana kwamba mahali pale pana ubaridi. Bibi Fidelia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na utando, alikuja kila asubuhi na kigoda chake akakaa chini ya ukuta. Alipoulizwa anafuata nini, alisema kwamba mtu akikaa kimya huyasikia maji. Wengine walicheka, kisha nao wakakaa kimya. Wapo walioanza kuota. Mmoja aliota bomba limechomoza katikati ya chumba chake, mwingine aliota mtaa mzima unaelea taratibu kuelekea reli, na asubuhi walisimuliana ndoto hizo kwa sauti za chini, wakiwa wameridhika, kama watu waliokwisha kunywa. Hakuna aliyeuliza tena mabomba yalikwenda wapi. Yule mwanamke alicheka pale ukutani kwa niaba yao, mvua na jua, na wao wakaendelea kuteremka bondeni.

Hilo ndilo lililomuuma Scholastica kuliko uongo wenyewe. Picha yake ilikuwa imewalaza watu.

Alikwenda kwa afisa mtendaji wa kata akamweleza, kwa upole, kwamba picha ile ni ya Ipelele. Mtendaji alimsikiliza huku akichungulia dirishani, akamshukuru, akasema atalifikisha panapohusika. Palipohusika pakaja penyewe. Kesho yake mchana Mheshimiwa Faustine aliingia studio ya Scholastica, akaketi kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti, mbele ya pazia la bluu, akauliza habari za nyumbani na za biashara. Alikuwa mtu wa sauti laini, asiyepandisha neno hata moja.

"Dada Scholastica," alisema, "uliandika mwenyewe kwamba picha ni za wote. Na mimi ni mmoja wa hao wote, au siyo?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Picha ni yako kama ilivyo yangu. Yale maneno ya juu ndiyo si ya picha."

Diwani alitabasamu. Alisema maneno ni ya matumaini, na kiongozi asiyewapa watu matumaini hafai kuchaguliwa. Halafu, akiisawazisha suti yake, akaomba jambo dogo: kwa kuwa watu wanaweza kuchanganyikiwa, afadhali picha ile iondolewe mtandaoni, ibaki ya kata peke yake. Hapo Scholastica alimtazama upya. Mtu aliyeingia dirishani alikuwa anataka kulifunga kwa ndani.

"Kitu nilichokwisha kuwagawia watu siwezi kukirudisha kabatini, mheshimiwa," alimjibu. "Hata nikitaka. Kiko kwa wengi mno."

Mheshimiwa Faustine hakukasirika. Alisimama, akagusa pazia la bluu kwa ncha ya kidole, akasema kwamba halmashauri hupenda kufanya kazi na wapiga picha wanaoelewana na watu. Kuanzia juma lile Scholastica hakuitwa tena kwenye sherehe yoyote ya serikali, na shule mbili zilizozoea kumwita kwa mahafali zikamtafuta mwingine.

Akapanda basi kwenda Njombe kulalamika. Siku hiyo mji ulikuwa ndani ya wingu; maporomoko ya Ruhudji yalisikika kabla ya kuonekana, na watu walitokea kwenye weupe ule, wakasalimia, wakazama tena. Katika ofisi aliyoelekezwa, jambo la kwanza aliloliona lilikuwa yule mwanamke wa bombani, amewekwa kwenye fremu, kwenye korido, katikati ya picha za miradi iliyofanya vizuri. Scholastica aliketi kwenye benchi mbele yake akingoja zamu, na ukungu uliokuwa dirishani ukaungana na ukungu wa kwenye fremu, hata asijue tena upi ni wa leo.

Ofisa aliyempokea alikuwa kijana muungwana. Alikubali kwamba jambo hilo si zuri. Lakini kulalamika, alieleza, kunahitaji mlalamikaji. Kama picha ingekuwa yake angeweza kudai imetumiwa vibaya; kwa kuwa aliitoa kwa wote, haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kukililia. Wananchi wa Miwatini ndio wangeweza kulalamika kuhusu mradi, ila taarifa ya kata inasema wameridhika, na mpaka sasa hawajasema vinginevyo. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Scholastica alirudi koridoni akamtazama yule mwanamke aliyekuwa akicheka. Aliona ofisa amekosea jambo moja. Picha haikuwa na mwenyewe, lakini ilikuwa na mtu.

Badala ya kurudi Makambako alikata tiketi ya Makete. Gari lilipanda katikati ya misindano, likaingia mawinguni, likatoka juu yake mahali ambapo vilima vilikuwa vimejipanga kama ng'ombe waliolala, likaingia tena. Abiria walisinzia. Scholastica naye alisinzia, akamwona mwanamke wa bango akishuka ukutani kwa tahadhari, mguu mmoja kwanza, akihofia kumwamsha mtoto mgongoni. Alipozinduka alikuwa na baridi ya meno, na kondakta alikuwa akimwambia kwamba wa Ipelele ajiandae.

Alimkuta Esteria shambani, akichimbua viazi. Alikuwa amekonda kidogo, na yule mtoto wa mgongoni, Rejoice, sasa alikuwa akikimbia matutani kwa miguu yake. Esteria alimkumbuka mpiga picha mara moja, akamkumbatia kwa mikono yenye udongo, akamwita ndani penye moto, akamwekea viazi vya moto na chumvi. Mumewe, Efraimu, alikuwa ameketi upande wa pili wa jiko, mguu mmoja ameunyoosha. Walisemezana kwa Kikinga, kisha wakamgeukia mgeni kwa Kiswahili.

Scholastica alitoa simu akawaonyesha bango. Hakuzunguka. Aliwaambia limetundikwa wapi, linasema nini, na kwamba huko linakosema maji yapo, hayapo. Esteria alilitazama bango kwa makini, akaipitisha simu kwa mumewe, akaichukua tena.

"Uliniambia picha itakuwa ya wote, nami nikakubali," alisema. "Sikujua kwamba wote ni pamoja na mwongo."

"Hata mimi sikumfikiria," Scholastica alisema.

Efraimu ndiye aliyeeleza, kwa sauti ya mtu asiyependa kusikika akijisifu. Maji yale waliyatoa kwenye chanzo kilicho juu ya msitu. Wizara ilileta mabomba, lakini gari halikuweza kupanda, basi wanaume na wanawake wa kijiji waliyabeba mabegani, siku za utelezi, wakiimba ili wasiyaangushe. Yeye aliteleza, bomba likamwangukia, na mguu wake haukurudi tena kuwa mguu. Siku maji yalipotoka alibebwa kwenye machela kwenda kuyaona. Esteria alikuwa anamchekea yeye, aliyelala kwenye machela nyuma ya mpiga picha.

Scholastica hakuwa amelijua hilo. Alikuwa ameipiga picha, ameitazama mara nyingi, na hakuwahi kujiuliza yule mwanamke anamchekea nani.

Hakumwomba Esteria kitu chochote. Alikuwa ametayarisha maneno ya kuomba njia nzima, lakini sasa yalimwia mazito. Esteria mwenyewe ndiye aliyeuliza mkutano wa hadhara wa huko hufanyika siku gani. Kisha akauliza kama Makambako kuna baridi, ili ajue abebe nguo gani.

Mkutano ulikuwa Jumamosi, kwenye uwanja wa shule. Upepo ulikuwa mkali, ukivumisha vumbi jekundu na kuwafanya akina mama wajifunge kanga vichwani. Bango lilihamishwa siku hiyo, likasimamishwa nyuma ya meza ya viongozi, limefungwa kwenye miti miwili, na likawa linapumua kama kawaida yake. Mheshimiwa Faustine alizungumza vizuri. Alitaja barabara, akataja madarasa, akafika kwenye maji, akageuka kulitazama bango kwa upendo, na watu nao wakalitazama, na ule utulivu wa kila siku ukawashukia. Hata wageni wa mkoa, alisema, wameyaona maji ya Miwatini.

Mwenyekiti wa mtaa alipouliza kama kuna mwenye swali, mkono mmoja uliinuka nyuma kabisa, katikati ya wanawake, karibu na kigoda cha Bibi Fidelia. Mwenyekiti alimwomba mwenye swali ataje jina na mahali anapokaa, kama ilivyo desturi.

"Naitwa Esteria," alisema yule mwanamke akisimama. "Si mkazi wa hapa. Mimi ni wa kwenye bango."

Alitembea kuja mbele, si kwa haraka, Rejoice amemshika mkono. Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Wakaanza kuelewa mmoja mmoja, kwa jinsi vichwa vilivyokuwa vikigeuka kutoka kwake kwenda kwenye bango na kurudi kwake. Walikuwa wamemtazama miezi mingi. Walilijua pengo dogo la meno yake, walilijua kovu la kwenye nyusi. Sasa alikuwa anapita katikati yao akinuka moshi na udongo wa viazi, na waliokuwa karibu na njia walisogeza miguu yao kumpisha, wengine wakamgusa kitenge kuona kama ni nguo kweli. Mama mmoja alianza kulia bila kujua analia nini.

Bibi Fidelia aliongozwa mbele. Aliinua mikono yake miwili akampapasa Esteria uso wote, paji, mashavu, kidevu.

"Ndiye," alisema. "Maji umeyaacha wapi, mwanangu?"

"Yako kwetu Ipelele, bibi. Tuliyabebea mabomba wenyewe, na mume wangu alivunjika mguu hapo. Mimi sijawahi kuyaleta huku, wala hakuna aliyeniomba."

Mheshimiwa Faustine alisimama na tabasamu lake. Alimkaribisha mgeni kwa heshima zote, akaeleza kwamba picha ile ilikuwa ya mfano tu, kama ilivyo kawaida katika kazi za uhamasishaji, na kwamba mradi wenyewe uko katika hatua. Pengine siku nyingine maneno hayo yangetosha. Lakini sasa walikuwa kama watu walioitwa majina yao usingizini. Hawakupiga kelele. Fundi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye tofali aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, yale mabomba yaliyolala kanisani yalikwenda wapi. Mwanamke mwingine akaliuliza swali lilelile, kana kwamba halijaulizwa. Likaulizwa na wa tatu, na wa nne, likizunguka uwanja mzima, kila mmoja kwa zamu, bila hasira, mpaka diwani akaketi. Mwenyekiti alijaribu kufunga mkutano. Hakuna aliyeinuka. Walikaa pale kwenye vumbi mpaka mtendaji alipoandika kwenye muhtasari kwamba wananchi wa Miwatini hawajapata maji na wanaomba wakaguzi, akawasomea, wakamwambia asome tena.

Scholastica alisimama pembeni muda wote huo. Kamera ilikuwa shingoni na hakuinyanyua.

Wakaguzi walikuja baada ya kusumbuliwa sana. Watu wa Miwatini walikwenda Njombe kwa makundi, wakajaza lile benchi la koridoni kila juma, na picha ya kwenye fremu ikashushwa siku moja bila mtu kusema kitu. Mabomba yalipatikana upande wa Mdandu, yamezikwa vizuri katika shamba la parachichi la shemeji yake diwani, yakinywesha miche. Hayo nayo yalikuwa mazuri kuyatazama, walisema walioyaona; miche ilikuwa mibichi, inang'aa. Kesi ikafunguliwa, na mpaka leo inasikilizwa kwa mwendo wake. Uchaguzi ulipofika Mheshimiwa Faustine alizunguka nyumba kwa nyumba na sauti yake laini, na watu wakampa kiti na chai, wakamsikiliza, na siku ya kura wakamchagua mtu mwingine. Huyo mwingine hawakumpigia vigelegele. Walimwuliza atafika lini kwenye uwanja wa shule, wakamwambia watakuwepo.

Esteria alikuwa amekwisha kurudi kwao siku nyingi. Asubuhi ya kuondoka, Scholastica alimuuliza kama anataka picha ile ifutwe hata pale inapoweza kufutwa, kwa kuwa uso ni wake. Esteria alifikiri, akimfunga Rejoice kofia ya sufu. Alisema iache. Ila chini yake, pale inaposema ni ya wote, aongeze jina la kijiji, na aandike kwamba Efraimu alikuwapo upande huu wa kamera.

Mabomba yalirudishwa kwa lori, na safari hii hawakuyaacha yalale. Kila Jumamosi Miwatini hutoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima, na majembe na sururu kuchimba mtaro kutoka kwenye chanzo cha kilimani. Scholastica huenda, ingawa mikono yake haikuzoea, na malengelenge yamekuwa magumu viganjani. Wanaimba Kibena, mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na udongo unaruka mwekundu pande zote mbili. Bibi Fidelia huletewa kigoda chake kando ya mtaro. Kwa kuwa haoni vizuri, huomba aambiwe wamefika wapi, nao humtajia nyumba kwa nyumba: wamepita kwa mama Lidia, wamekata kona ya kwa Ambrose, wanakaribia shule. Yeye huitikia kila jina, polepole, na wao huendelea kuchimba.